Risasi, zebaki na shaba katika samaki wa Ziwa Mweru: jinsi vipimo vinavyofanywa na vinavyosomwa

Na Mwandishi Wetu, Nchelenge

SAMAKI wadogo wanaoitwa chisense huvuliwa usiku kwa taa katika Ziwa Mweru, huanikwa juani na kuingizwa kwenye magunia. Kutoka soko la Kashikishi, hapa wilayani Nchelenge, magunia hayo huelekea Mansa, miji ya Copperbelt na mpaka wa Kasumbalesa, ambako wateja wa Lubumbashi wanayasubiri.

Msomaji wa Kigoma atamtambua samaki huyu mara moja, kwa kuwa chisense ni wa ukoo mmoja na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Dagaa wa Mwanza ni wa ukoo mwingine kabisa, ingawa gunia lake linagombea mteja yuleyule wa Kongo kupitia Tunduma na Kasumbalesa.

Swali ambalo wanunuzi wakubwa wanazidi kuliuliza ni hili: je, samaki hao wana madini mwilini? Ziwa liko jirani na Katanga, na Katanga maana yake ni shaba na kobalti. Muuzaji akijibu "hawana" bila karatasi, haaminiki. Akileta karatasi ambayo hajui kuisoma, anaweza kukataliwa mzigo mzuri, au akapitishiwa mzigo mbaya ambao utamrudia baadaye. Makala haya yanaeleza vipimo vyenyewe, namna vinavyofanyika, na mahali ambapo wafanyabiashara hupoteza fedha kwa kutozielewa namba.

MAJI YANATOKA WAPI

Ziwa Mweru lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 5,100 na liko kiasi cha mita 920 juu ya usawa wa bahari. Zambia iko mashariki, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iko magharibi. Mto Luapula unaingia kusini kupitia mabwawa makubwa ya matete, Kalungwishi unaingia kutoka mashariki, na maji hutoka kaskazini, Pweto, kwa mto Luvua.

Hapa kuna kosa linalorudiwa mno. Migodi ya Copperbelt ya Zambia haimwagi maji yake Mweru. Maji ya Kitwe, Chingola na Mufulira huingia mto Kafue, na Kafue huingia Zambezi. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la mabaki ya kampuni ya Sino-Metals Leach karibu na Chambishi lilipasuka na kumwaga kiasi cha lita milioni 50 za maji yenye asidi. Samaki walikufa katika Kafue na jiji la Kitwe likakatiwa maji. Lilikuwa janga kubwa, lakini si la ziwa hili. Taabu ni kwamba mnunuzi aliyesikia "samaki wa Zambia" hataki somo la jiografia.

Njia halisi ya kuangalia ni nyingine. Mto Kafubu unapita Lubumbashi, mji uliojengwa kwa kuyeyusha shaba tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kisha unaingia Luapula, na Luapula unaingia Mweru. Kati ya Lubumbashi na ziwa kuna safari ndefu, na mabwawa ya matete hunasa tope. Kwa kuwa metali nyingi hupenda kung'ang'ania tope kuliko kuelea majini, mabwawa hayo ni kama chujio. Hata hivyo chujio halifanyi metali zitoweke, linazihifadhi tu.

Kuna pia njia ya ziwa lenyewe. Katika miaka ya 2000, shaba na fedha kutoka mgodi wa Dikulushi, upande wa Kongo, zilivushwa kwa chombo kutoka Kilwa hadi Nchelenge na kuendelea kwa malori. Mahali popote madini yanapopakiwa na kupakuliwa, vumbi hubaki. Mtu anayetaka kuchukua sampuli kwa akili angeanzia kwenye gati kama hizo, kisha mdomo wa Luapula, na baadaye maji ya mbali ya kaskazini kwa ajili ya kulinganisha.

KILA METALI INA CHUMBA CHAKE

Si kila madini ndani ya samaki ni sumu. Mwili unahitaji chuma, zinki, shaba, seleni na iodini kwa kiasi kidogo sana, na chisense anayeliwa mzima pamoja na kichwa na mifupa ni chanzo kizuri cha baadhi yake. Mtoto wa kijijini asiyeona nyama hupata zinki yake humo. Kwa hiyo maabara hupima mambo mawili kwa mashine ileile: vinavyotakiwa viwepo, na visivyotakiwa, yaani risasi, kadimiamu, zebaki na aseniki.

Visivyotakiwa havikai mahali pamoja. Risasi hupenda mifupa na magamba, kadimiamu hujikusanya kwenye ini na figo, na zebaki hukaa kwenye mnofu, tena huongezeka kadiri samaki anavyozeeka na kula samaki wenzake. Ndiyo maana manda, samaki mwenye meno makali anayewinda wengine, ndiye wa kwanza kupimwa zebaki. Chisense anaishi muda mfupi na kula vijidudu vya majini, hivyo kwa upande wa zebaki hana muda wa kukusanya nyingi. Lakini kwa upande wa risasi na kadimiamu, kuliwa kwake mzima kunabadilisha hesabu, kwa sababu mlaji hatupi mifupa wala matumbo.

Kutokana na hayo, swali la kwanza kwa maabara ni: mmepima sehemu gani? Pale, yaani perege wa Mweru, hupimwa mnofu. Chisense lazima asagwe mzima. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinasema wazi kwamba samaki anayekusudiwa kuliwa mzima, kiwango cha juu kinahesabiwa kwa samaki mzima. Cheti cha chisense kilichopimwa "mnofu" ni kichekesho. Sijui ni nani angekaa kumtoa mnofu samaki mwenye urefu wa kidole.

SAMPULI HUHARIBIKA KABLA YA KUFIKA MAABARA

Tunazungumzia viwango vidogo mno. Kiwango cha juu cha risasi katika samaki kwa mujibu wa Codex, chombo cha viwango vya chakula cha FAO na WHO, ni miligramu 0.3 kwa kilo. Maana yake ni gramu 0.3 katika tani nzima ya samaki. Kijiko cha chai cha chumvi kina uzito wa zaidi ya mara kumi ya hapo.

Kwa kiwango hicho, uchafu mdogo unageuza matokeo. Samaki aliyeanikwa kwenye mchanga wa kando ya barabara hubeba vumbi, na vumbi lina metali. Mtumbwi wenye betri ya gari ya kuwashia taa una risasi na asidi jirani na samaki. Ndoo ya bati lililopakwa zinki hutoa zinki. Hata kisu kina chuma chake, mara nyingine na kromi na nikeli.

Je, vumbi hilo ni kosa la sampuli au ni sehemu ya bidhaa? Hapa wataalamu wenyewe hujadiliana, na jibu linategemea unachouliza. Ukitaka kujua hali ya ziwa, mwoshe samaki kwa maji safi kabla ya kumsaga. Ukitaka kujua mlaji anakula nini, mpime jinsi anavyouzwa. Kwa biashara jibu ni la pili. Tena kuna faida: ukipima samaki mbichi kutoka wavuni na samaki mkavu kutoka gunia lilelile, tofauti ikiwa kubwa utajua tatizo ni uanikaji, na uanikaji unarekebishwa kwa vichanja na nyavu za kuinulia samaki kutoka ardhini. Mto haurekebishwi hivyo.

Sampuli ya gunia moja haitoshi kusemea lori zima. Desturi ni kuchota kidogo kutoka magunia kadhaa na kuchanganya. Lakini mchanganyiko nao huficha. Chukua magunia kumi, tisa yakiwa na risasi miligramu 0.1 kwa kilo na moja likiwa na 2.0. Wastani ni 0.29. Mzigo umepita chini ya 0.3, na gunia moja ndani yake lina karibu mara saba ya kiwango. Mnunuzi makini atadai mchanganyiko upimwe pamoja na magunia mawili matatu peke yake.

NDANI YA MAABARA

Samaki hukaushwa, husagwa hadi unga laini, na gramu moja au nusu yake hupimwa kwenye mizani nyeti. Unga huo huwekwa katika asidi ya nitriki, mara nyingi pamoja na peroksidi ya hidrojeni, na kupashwa moto katika vyombo vilivyofungwa hadi nyama yote iyeyuke na kubaki maji maangavu. Metali sasa ziko ndani ya maji hayo. Zebaki inahitaji uangalifu wa pekee, maana ni metali inayoruka kama mvuke. Chombo kikiwa wazi na moto mkali, inaondoka na cheti kinakuja kizuri cha uongo.

Kuanzia hapo kuna mashine za daraja tatu. Ya kwanza na ya bei nafuu ni ya kunyonya mwanga kwa atomi, iliyobuniwa na Alan Walsh huko Australia katikati ya miaka ya 1950. Maji hupulizwa kwenye mwali wa moto, mwanga wa rangi maalumu ya metali moja hupitishwa, na kiasi cha mwanga kinachopotea hueleza kiasi cha metali hiyo. Inafaa sana kwa zinki, chuma na shaba. Ya pili hufanya kazi hiyohiyo, ila badala ya mwali hutumia kijibomba cha grafiti kinachopashwa umeme, na inaona viwango vidogo mara mia hivi zaidi.

Ya tatu ni ile inayoitwa ICP-MS. Hiyo hupeleka sampuli ndani ya gesi ya argoni iliyopashwa moto kwa maelfu ya nyuzi, kisha huzipanga atomi kwa uzito wake na kuzihesabu, metali nyingi kwa mara moja. Iliingia sokoni mwaka 1983. Ni ghali kuinunua, na ni ghali zaidi kuilisha, kwa kuwa inakula argoni mchana kutwa.

Kwa nini mfanyabiashara ajue haya? Kwa sababu ya neno moja kwenye cheti: "Haikuonekana". Mashine ya mwali hupata shida kuona risasi iliyo chini ya miligramu 0.02 kwa lita. Gramu moja ya samaki ikiyeyushwa katika mililita 50, hiyo ni sawa na miligramu 1 kwa kilo ya samaki. Kwa maneno mengine, samaki mwenye risasi mara tatu ya kiwango cha Codex anaweza kupewa cheti cha "haikuonekana", na maabara haikusema uongo. Cheti bila kuonyesha kikomo cha chini cha mashine hakina thamani kwa risasi wala kadimiamu.

Jambo jingine ni aina ya maabara. Ukanda huu una maabara nyingi nzuri za madini. Zimezoea mawe yenye shaba asilimia 2, yaani miligramu 20,000 kwa kilo. Samaki mwenye sehemu ya kumi ya miligramu akiingia chumba hichohicho, vyombo vilevile, vumbi la jana linatosha kumtia hatiani. Uliza kama wana chumba tofauti cha chakula. Uliza pia kuhusu sampuli tupu, yaani asidi isiyo na samaki inayopitishwa njia yote ili kuona uchafu wa maabara yenyewe.

Kipimo cha ukweli ni samaki wa rejea. Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada huuza unga wa samaki unaojulikana kwa jina la DORM, ambao kiasi chake cha metali kimethibitishwa. Maabara huupima pamoja na samaki wako. Ikipata namba inayokaribia ile ya cheti cha DORM, unaweza kuiamini na ya kwako. Ithibati ya ISO/IEC 17025 inadai mambo ya namna hii. Kwa nchi za SADC hutolewa na chombo cha SADCAS chenye makao yake Gaborone. Angalizo: ithibati hutolewa kwa kipimo, haitolewi kwa jengo. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima risasi kwenye maji na isiwe nayo ya samaki.

MBICHI AU MKAVU: HAPA NDIPO FEDHA HUPOTEA

Hii ndiyo sehemu ambayo ningemwomba kila mwenye gunia aisome mara mbili.

Viwango vya Codex na vya Ulaya vimeandikwa kwa samaki mbichi. Chisense mbichi ni maji kwa kiasi cha robo tatu. Kilo moja ina gramu 250 hivi za mwili halisi. Ukimkausha mpaka unyevu ubaki asilimia 10, kilo ile inakuwa gramu 278. Maji yameondoka, metali hazikuondoka. Kila kilo ya mkavu ina metali za kilo 3.6 za mbichi.

Sasa chukua samaki mwenye risasi miligramu 0.10 kwa kilo akiwa mbichi. Ni theluthi ya kiwango, samaki safi. Akiwa mkavu atasoma 0.36. Ofisa wa mpakani mwenye jedwali la 0.3 mkononi atasema amezidi, na mzigo utazuiwa. Kanuni za Ulaya zinataka mabadiliko yanayotokana na kukausha yazingatiwe katika hesabu, lakini mwenye mzigo ndiye anayepaswa kuwa na kigezo hicho mkononi. Dawa yake ni rahisi na ya bei ndogo: iambie maabara ipime unyevu wa sampuli ileile na kuandika matokeo kwa namna zote mbili. Mwandishi amewahi kuonyeshwa cheti cha samaki wakavu chenye metali sita, saini tatu na mhuri mkubwa, bila neno moja la kusema uzito ni wa mbichi au mkavu. Mwenye cheti alikuwa amelipa ada kamili.

Kadimiamu ni kali zaidi, kwani kiwango cha Ulaya kwa samaki wengi ni miligramu 0.05 kwa kilo. Na kila namba ina kutokuwa na uhakika kwake. Matokeo ya 0.28 yenye nyongeza au pungufu ya 0.06 si sawa na 0.28 kavu, huko Ulaya mzigo huhesabiwa umezidi pale tu namba inapobaki juu ya kiwango hata baada ya kutoa pungufu hilo. Cheti kisichoonyesha pungufu hilo kinakunyima utetezi.

DAMU, MKOJO NA NYWELE

Kupima samaki kunaeleza kilichomo sahanini. Kujua kilichomo mwilini mwa mlaji kunahitaji sampuli nyingine, na kila moja ina lugha yake. Damu inasema habari za risasi za wiki na miezi ya karibuni. Mkojo unafaa kwa kobalti na aseniki. Nywele hutunza zebaki, na kwa kuwa hukua kama sentimita moja kwa mwezi, unywele wa sentimita sita ni shajara ya nusu mwaka.

Mfano wa karibu ni Kabwe, katikati ya Zambia, ambako mgodi wa risasi na zinki ulifanya kazi kuanzia 1902 hadi 1994. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zambia na Chuo Kikuu cha Hokkaido cha Japani wamepima damu za wakazi huko, wakitumia pia mashine ndogo ya mkononi inayosoma tone la damu kwa dakika chache. Mashine hiyo inakomea mikrogramu 65 kwa desilita. Wapo watoto waliozidi hapo ikabaki kuandika "juu". Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema mtu mwenye mikrogramu 5 au zaidi chanzo chake kitafutwe. Tone la kidole nalo lina mtego wake, kwa kuwa mkono wa mtoto anayecheza kwenye vumbi lazima uoshwe vizuri kwanza, la sivyo unapima ngozi.

Upande wa Kongo, utafiti uliochapishwa 2009 na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, ulipima mkojo wa watu 351 katika Katanga. Kwa waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka migodi au viyeyushio, kobalti ilikuwa na wastani wa mikrogramu 15.7 kwa gramu ya kreatinini. Zaidi ya nusu yao walivuka kiwango kinachotumika kwa wafanyakazi wa viwandani, na watoto walikuwa na hali mbaya zaidi. Hao ni majirani wa migodi, hawakuwa walaji wa samaki wa Mweru, na namba zao haziwezi kuhamishiwa Kashikishi. Ila utafiti huo unaonyesha kipi cha kutafuta.

NANI ALIPE?

Upimaji una gharama isiyobadilika: ada ni ileile kwa gunia moja au mia tatu. Kutoka Nchelenge hadi Lusaka ni karibu kilomita elfu moja kwa barabara, na nauli ya sampuli iko juu ya ada. Tuseme, kwa mfano tu, gharama yote ni sawa na bei ya magunia matatu. Mama mwenye magunia kumi amepoteza asilimia 30 ya mzigo wake. Kikundi chenye magunia 300 kimepoteza asilimia moja. Hakuna semina itakayoibadilisha hesabu hii. Ama wauzaji wajiunge, ama halmashauri au mnunuzi mkubwa abebe ada.

Gharama ya kutopima inaonekana siku ya mkasa. Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari za uvuvi wa sumu, na nchi zilirejeshwa moja moja katika mwaka 2000, baada ya kuonyesha kwamba zinaweza kufuatilia na kupima. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Zuio lilidumu siku chache na nafasi yake ikachukuliwa na masharti, likiwamo la cheti. Mara zote mbili waliokuwa na karatasi walitoka kwanza.

Kwa wenye biashara ya Mweru, kalenda inasaidia. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Miezi hiyo hutosha kikundi kuchagua maabara, kuuliza ithibati yake ya samaki, kukubaliana kuhusu unyevu na kikomo cha chini, na kupeleka sampuli ya majaribio ya mzigo uliobaki ghalani. Ziwa likifunguliwa Machi, kila shehena ipewe namba yake, namba hiyo iandikwe kwenye gunia, kwenye mfuko wa sampuli na kwenye cheti, na kiasi cha nusu kilo cha sampuli hiyohiyo kibaki kwa muuzaji kikiwa kimefungwa na kutiwa saini na pande zote mbili, ili mpakani wakibishana kuwepo na cha kupima tena.